Mganga, Munganga, Nganga: Uhakiki wa Dhana ya "Marafiki wa Uongo"

Mwanafunzi wa tafsiri katika vyuo vikuu vya Kongo, kwa kuwa amefundishwa kwa Kifaransa, hukutana mapema na istilahi ya faux amis, ambayo kwa Kiswahili huweza kuitwa "marafiki wa uongo". Istilahi hiyo ilienea tangu mwaka 1928, wakati Maxime Koessler na Jules Derocquigny walipochapisha kitabu Les faux amis ou les trahisons du vocabulaire anglais, na kusudi lao lilikuwa kumwonya Mfaransa dhidi ya maneno ya Kiingereza yenye sura ya Kifaransa. Kwa kazi hiyo ilifaa. Tatizo lilianza pale istilahi hiyo ilipohamishwa, pamoja na hukumu iliyomo ndani yake, ikatumiwa kupima uhusiano kati ya Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Kongo, au kati ya Kiswahili na Lingala, Kikongo, Kibemba na Kinyarwanda. Kumwita rafiki kuwa wa uongo ni kumshtaki. Hapana budi awepo aliyesema kweli na aliyedanganya. Na mara nyingi katika darasa la Kiswahili mshtakiwa anajulikana kabla ya kesi kusikilizwa, naye ni neno ambalo mwanafunzi amelileta kutoka nyumbani kwao.

Yafaa kesi hiyo isikilizwe, walau kwa neno moja. Neno lenyewe ni mganga.

Mtu wa Lubumbashi, Bukavu au Goma akisema kwamba anakwenda kwa munganga, wasikilizaji wake huelewa kuwa anakwenda hospitali, au kwenye kituo cha afya cha mtaani, kwa mtu aliyesomea udaktari. Yule anayepiga ramli, anayetafuta chanzo cha ugonjwa katika ugomvi wa jamaa au katika hasira ya wahenga, huko Kivu huitwa mufumu. Mtu wa Tanga au Mombasa, kinyume chake, akilisikia neno mganga peke yake, bila kuongezewa sifa yoyote, mawazo yake huenda kwanza kwa mtu wa mizizi, hirizi na mafusho. Wa hospitali kwake ni daktari, au tabibu kama msemaji anapenda neno la zamani. Basi mwalimu aliyelelewa na kamusi za Dar es Salaam na Nairobi hulikata neno la mwanafunzi kwa wino mwekundu, akaandika "daktari" pembeni, na darasa likaendelea.

Wino huo mwekundu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba unasahihisha kwa kutumia ushahidi nusu. Katika Tanzania yenyewe, ambako kanuni hiyo inadaiwa kutoka, daktari aliye juu ya wenzake wote katika utumishi wa umma huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Chini yake wapo Waganga Wakuu wa Mikoa na Waganga Wakuu wa Wilaya, na hata kituo cha afya kina Mganga Mfawidhi wake. Hakuna Mtanzania anayedhani kwamba watu hao hupiga bao. Maana ambayo mwanafunzi wa Bukavu ameadhibiwa kwa kuitumia imepigwa muhuri na serikali ya nchi inayotolewa mfano wa usanifu. Tofauti iliyopo kati ya pande mbili hizi si ya ukweli na uongo, bali ya mahali maana inapokaa: Tanzania maana ya kihospitali hukaa katika vyeo na nyaraka, na maana ya miti shamba hukaa mtaani, Kongo ya kihospitali ndiyo iliyoteremka mtaani.

Kasoro ya pili ni ya kusahau kitenzi. Mganga hakuzaliwa pekee. Ametoka katika kuganga, na kuganga ni kukifunga kilichovunjika, kukitengeneza, kukitibu. Fundi aliganga jahazi kama tabibu alivyoganga mfupa. Gango ni kile kinachoshikilia vipande viwili viungane. Methali ya kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, haina harufu ya ramli hata kidogo, wala anayesema leo kwamba anafanya vibarua ili aganga njaa hakusudii kuivukizia ubani. Katika maana hiyo ya msingi hospitali na kilinge ni sawa mbele ya neno: pote panagangwa. Aliyepunguza maana ya mganga hadi kuwa mtu wa hirizi tu si Mkongo. Ni historia ya pwani, ambako Kiarabu kilileta tabibu, na baadaye hospitali za Wazungu zikamleta daktari, na kila mgeni alipoingia alimsukuma mwenyeji hatua moja kuelekea msituni.

Tafsiri za Biblia zilisaidia katika kusukuma huko. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, Luka aliyeandika Injili ni tabibu, lakini wale walioshindana na Musa mbele ya Farao kwa miujiza yao ni waganga wa Misri, na kazi yao ni uganga. Kwa msomaji wa Zanzibar uchaguzi huo hauna utata. Mkristo wa Uvira anayeisoma tafsiri hiyohiyo anakutana na jambo la ajabu: madaktari wa Misri wanageuza fimbo zao kuwa nyoka. Hawezi kulaumiwa akidhani kwamba hospitali za Farao zilikuwa na mambo.

Sasa neno hili litazamwe nje ya mipaka ya Kiswahili, maana hapo ndipo utajiri wake ulipo. Malcolm Guthrie, aliyekusanya mashina ya lugha za Kibantu katika Comparative Bantu (1967-1971), pamoja na wanaisimu waliomfuata, wameonyesha kuwa shina -ganga limeenea karibu katika eneo zima la lugha hizo. Kinyarwanda na Kirundi zinalo umuganga, na leo ni daktari wa hospitali, kama ilivyo Kivu. Mpiga ramli ni umupfumu. Kichewa kinamwita mtabibu wa jadi sing'anga, Kishona n'anga, Kizulu inyanga, umbo ambalo kwa Kizulu lina maana ya mwezi pia. Lingala imefanya jambo la werevu: imetengeneza watu wawili kutoka shina moja. Nganga bila kiambishi cha mtu ni yule wa jadi; monganga, mwenye kiambishi mo-, ni daktari. Silabi moja imetosha kujenga ukuta ambao Kiswahili cha Tanzania hujenga kwa maneno mawili zaidi, "wa kienyeji" au "wa jadi".

Huenda hapa ndipo penye ufafanuzi wa ile n inayowaudhi wasahihishaji katika munganga. Wengi huiona kuwa ni kosa la matamshi, ulimi wa bara ulioshindwa na mganga wa pwani. Lakini mganga wa pwani amefanyizwa kwa mu- na -ganga, ilhali munganga amefanyizwa kwa mu- iliyowekwa juu ya nganga, neno zima lenye nazali yake tayari, kama monganga ya Lingala. Nazali hiyo basi si kovu la kuvunjika. Ni alama ya njia: inaashiria kwamba neno la Kongo lina ujamaa na lugha za ndani ya nchi, na halikupanda msafara kutoka Bagamoyo kisha likaharibika njiani.

Kwa Wakongo wa magharibi nganga alipata cheo kingine kabisa. Wamisionari Wakatoliki waliofika katika ufalme wa Kongo walihitaji neno la kumwitia padri, na lililokuwapo ni hilo. Mpaka leo nganga Nzambi kwa Kikongo ni padri. Ng'ambo ya Atlantiki, kwa wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hiyohiyo, nganga katika dini ya Palo huko Kuba si mtu tena bali ni chungu, chombo kinachotunza nguvu za marehemu. Daktari, mpiga ramli, padri, chungu: kama hawa ni marafiki wa uongo, basi uongo huo umedumu kwa ustadi wa kushangaza, kwa kuwa wote hawakutoka katika nyanja moja, ile ya mtu au kitu kinachosimama kati ya mgonjwa na kinachomdhuru.

Si kwamba maneno yanayodanganya kweli hayapo. Yapo, na Mkongo anayejua Lingala na Kiswahili huyaokota kila siku. Pesa kwa Kiswahili ni fedha, neno lililotoka katika paisa ya Wahindi. Kwa Lingala pesa ni amri ya kutoa. Anayetaka kupewa fedha Kinshasa husema pesa mbongo, na mtu wa Dar es Salaam akimsikia atadhani zimetajwa fedha na mwenyeji mmoja wa jiji lake, kwa kuwa Mbongo huko ni mtu wa "Bongo". Sala ya Mswahili ni ibada, na asili yake Kiarabu. Sala ya Mngala ni kufanya, na mosala ni kazi. Msala wa Mswahili ni mkeka wa kusalia, pia ni choo, na katika lugha ya vijana wa Tanzania ni matatizo. Bima ya Mswahili humlipa aliyepata ajali; kwa Lingala anayeambiwa bima anafukuzwa nyumbani. Maneno haya hayana undugu wowote. Yamekutana kama abiria wawili waliovaa mashati ya kitambaa kimoja, na istilahi ya mwaka 1928 inayatosha.

Lingala ina mfano wa tatu uliokaa katikati, nao ni moto. Kikitamkwa kwa toni na vokali zinazofaa, kitu kimoja chenye sura ya moto huwa mtu, kingine huwa kichwa, cha tatu huwa moto wa kupikia. Mswahili ana mmoja tu kati ya watatu hao kwa umbo hilo, na wengine wawili anawaita mtu na kichwa. Mtu na moto (yule wa Lingala) ni neno moja la kale lililopita njia mbili. Moto na moto ni neno moja lililobaki pamoja. Lakini jicho linalosoma maandishi yasiyo na alama za toni haliwezi kuwatenga. Hapa undugu na bahati vimechanganyika katika herufi nne.

Hata Kiarabu, ambacho hutajwa mno kama chemchemi safi ya msamiati wa Kiswahili, hakikuhamisha maana zake zikiwa timamu. Hakimu wa Kiswahili hukaa mahakamani. Kwa Kiarabu kuna mawili yanayotofautiana kwa urefu wa vokali: moja ni mtawala au mwamuzi, jingine ni mwenye hekima, na mwenye hekima huyo ndiye tabibu. Kiswahili, kisichotofautisha vokali fupi na ndefu kwa namna hiyo, kiliyaweka chini ya paa moja na kumchagua mwamuzi. Kiamhari kimemshika tabibu, na kwa Kiurdu pia hakim ni mtu wa dawa. Mhabeshi aliye mgonjwa akiuliza hakimu alipo, akiwa Nairobi, ataelekezwa kortini. Hakuna mwalimu anayesema kwamba Kiswahili kilikivunja Kiarabu katika neno hilo. Inakubaliwa kwamba Kiswahili kilikuwa na haki ya kuchagua. Haki hiyo, ambayo hutolewa bila ubishi kwa pwani mbele ya Uarabuni, ndiyo inayonyimwa Kongo mbele ya pwani.

Mufumu naye anastahili neno. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma mfumu ni mganga na mtazamaji, kama alivyo mufumu wa Kivu na umupfumu wa Rwanda. Kwa Wabemba imfumu ni chifu. Kwa Waluba na Wakongo wa magharibi mfumu ni mtawala. Kwa Wachewa vilevile. Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini kilikuwa na fumo, cheo cha utawala kinachojulikana kwa kila aliyesikia habari za Fumo Liyongo. Katika msitu wa ikweta shina hilo lina sura ya -kumu, na Jan Vansina katika Paths in the Rainforests (1990) amelitumia kama moja ya nguzo za kueleza uongozi wa kale. Kwa hiyo mtoto wa Kibemba aliyekulia Lubumbashi akifika Goma na kuambiwa kwamba ugonjwa wa ndugu yake umepelekwa kwa mufumu, sikio lake la kwanza litamsikia mfalme. Na je, amekosea sana? Palipo na mtawala anayeomba mvua na mtabibu anayeogopwa kama mtawala, neno halikuhitaji kusafiri mbali ili lipate maana ya pili. Mganga akawa padri upande mmoja na daktari upande mwingine. Mfumu akawa chifu huku na mpiga ramli kule. Maneno hayo mawili yamegawana kazi upya katika kila nchi, kama ndugu wanaogawana mashamba ya baba yao.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni starehe ya wanaisimu. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na kufikia mwezi Machi polisi walikuwa wamewakamata zaidi ya watu 200. Habari ya namna hiyo, kichwa chake kikifupishwa kuwa "waganga wakamatwa" na kusomwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, inamwarifu msomaji kwamba Tanzania imefunga madaktari wake. Msomaji huyo hakusoma vibaya. Ameisoma lugha ambayo Katiba ya mwaka 2006 inaiita lugha ya taifa lake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Watafiti wa lugha wa shirika la Translators without Borders, waliofanya kazi Beni na Goma mwaka 2019, walionyesha kwamba ujumbe mwingi wa afya ulitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na kwamba wakazi wengi hawakuuelewa vema. Huko Beni vilikuwapo vituo vinavyojulikana kwa Kifaransa kama tradi-modernes, vinavyochanganya sindano na mizizi chini ya paa moja, na Shirika la Afya Duniani liliona kuwa maambukizo mengi, hasa ya watoto, yalipitia humo. Katika mazingira hayo ushauri wa kumwona munganga mapema haukutosha. Mwenye kituo hicho ni munganga au ni mufumu? Yeye mwenyewe, na majirani zake, wangemwita munganga bila kusita, kwa kuwa anaganga. Mtafsiri aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kuepuka "kosa" la munganga kwa kuandika "daktari" angekuwa ameepuka kosa lisilokuwapo, na kuliacha swali lenyewe wazi.

Lawama haiwezi kuangukia walimu peke yao, maana mwalimu hufundisha kwa vitabu alivyo navyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) ilifanya kazi kubwa, na toleo lake humwambia msomaji kwa kifupisho kuwa neno fulani limetoka Kiarabu au Kihindi. Haikukusudiwa kumwambia kwamba neno hilohilo lina maana nyingine Bukavu, na si haki kuidai kile ambacho haikuahidi. Lakini linganisha na Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939. Padri huyo aliona ni wajibu kuonyesha lahaja ambamo kila umbo limesikika, hata msomaji akajua kisiwa linakotumika. Usanifishaji uliofuata ulifuta ramani hiyo ili kupata lugha moja ya shule, na pengine ulilazimika. Ila ramani iliyofutwa haikufuta vijiji. Kamusi ya Kifaransa hutaja matumizi ya Ubelgiji, Uswisi na Kanada bila kuona aibu, na hakuna mwanafunzi wa Liège anayekatwa alama kwa kusema septante nyumbani kwao.

Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya vitabu na nyaraka kuvuka ziwa ni kubwa kuliko zamani. Linalotakiwa katika kamusi si kubwa: baada ya mganga, mstari mmoja wenye kifupisho cha Kongo na maana "daktari wa hospitali", baada yake kidahizo cha munganga kinachomrudisha msomaji hapo, na mufumu apewe nafasi yake, akitajwa pamoja na jamaa zake walio machifu. Vidahizo kama hivyo havizidi mia chache, na wanafunzi wa licence wa idara moja wangeweza kuvikusanya katika mihula miwili, kama badala ya kufundishwa kuona haya wangepewa kalamu na kadi.

Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakimbizi wa Kongo wameishi na Watanzania tangu mwaka 1996. Mama wa Fizi anayefika mapokezi akiwa amembeba mtoto mwenye homa na kusema anamtaka munganga, amesema Kiswahili kamili, na yule aliye nyuma ya meza, ambaye bosi wake ana cheo cha Mganga Mfawidhi, hana sababu ya kumwuliza ni wa aina gani.